Nyumba inauzwa kwenye kisiwa kidogo upande wa Mkoani, Pemba: nichunguze nini kabla ya kulipa?

Mstaafu Mtarajiwa ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wasiokuwa Waislamu nawasalimu pia.

Mimi ni Mzanzibari mwenye kitambulisho cha mkaazi, mzaliwa wa Unguja, ila kazi imeniweka Dar es Salaam kwa muda mrefu na sasa nakaribia kustaafu. Mke wangu asili yake ni Pemba, wilaya ya Mkoani, na tumekubaliana kwamba mafao yakitoka hatutayamalizia kwenye kodi ya nyumba ya mjini, bali tutatafuta pahala pa utulivu karibu na jamaa zake. Shemeji yangu amenipelekea tangazo la nyumba iliyoko kwenye kimoja kati ya visiwa vidogo vinavyotazamana na Mkoani. Sitakitaja jina kwa sababu huko watu wote wanajuana, na sipendi mwenye nyumba aone mambo yake yamewekwa hadharani.

Tangazo lenyewe linasema hivi: "Inauzwa nyumba ya mawe, vyumba vinne, ukumbi, baraza, ua na banda la kupikia, choo cha ndani na cha nje, kisima, minazi tisa, mikarafuu mitatu na mwembe. Masafa mafupi kutoka pwani. Umeme upo. Bei maelewano." Nimekwenda kuiona mara moja, tukavuka na boti asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri. Nyumba ilinipendeza. Kuta ni nene, ukumbi una hewa, na kutoka barazani unaiona bahari baina ya minazi. Bei waliyoitaja ni ndogo mno ukilinganisha na kiwanja kitupu cha Unguja, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kwani kitu cha rahisi aghalabu huwa na sababu yake.

Anayeuza ni mtoto mkubwa wa marehemu aliyeijenga. Ananionesha karatasi iliyopigwa muhuri wa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, inayoeleza kwamba eneo hilo lilikuwa la baba yake tangu zamani. Dalali naye ananihimiza nilipe nusu ya fedha sasa ili wasije wakampa mtu mwingine, lakini mimi nimemwambia asubiri.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza ni kuhusu uhalali: nimtake muuzaji anipe nini, na nipite ofisi zipi, ili nisije nikanunua kesi? La pili ni kuhusu maisha yenyewe ya kila siku kwenye kisiwa cha namna hiyo, hasa maji, usafiri, matibabu na ujirani, kwa sababu mke wangu aliondoka Pemba akiwa msichana mdogo na mimi sijapata kuishi shamba, nje ya mji. Naomba wenye uzoefu wanijibu kwa uwazi, hata kama jibu ni la kunikatisha tamaa.

---

Karani wa Zamani amejibu:

Waalaykum salaam. Ndugu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa karibu na majalada ya ardhi, na migogoro niliyoiona ikifikishwa Mahakama ya Ardhi ilianza mara nyingi kwa karatasi kama hiyo uliyooneshwa na dalali mwenye haraka kama huyo wako.

Kwanza fahamu unanunua nini hasa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar iliwekwa chini ya Serikali, na sheria ya ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 imebakisha msingi huo huo: ardhi ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na anachokuwa nacho raia ni haki ya matumizi. Haki hiyo inarithiwa, na inaweza kuhamishiwa mtu mwingine kwa kufuata utaratibu. Karatasi ya sheha ina faida yake, kwa sababu sheha ndiye anayezijua familia na mipaka ya shehia yake, na hakuna ofisi itakayokusikiliza bila ya yeye kuhusishwa. Lakini ni ushahidi tu kwamba watu wanamtambua fulani kuwa ndiye mwenye eneo, wala haisimami badala ya hati. Kwa hiyo uliza kama eneo limewahi kufanyiwa utambuzi na kusajiliwa. Sehemu kubwa ya shamba bado haijasajiliwa, na hilo si lazima likukimbize, ila linakuongezea kazi ya kuthibitisha mipaka na kuwasikiliza majirani wote wanne.

Jambo la pili ndilo zito kuliko yote, nalo ni warithi. Umesema muuzaji ni mtoto mkubwa wa marehemu. Ukubwa wa kuzaliwa haumpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya wenziwe. Tuchukue mfano: marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wanaume watatu na wanawake wanne, wazazi wake wakiwa wameshatangulia. Mjane ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kilichobaki kinagawiwa mafungu kumi, kila mwanamume mawili na kila mwanamke moja. Nyumba ikiuzwa kwa shilingi milioni 80, mjane atapata milioni 10, kila mtoto wa kiume milioni 14, na kila wa kike milioni 7. Maana yake ni kwamba huyo mtoto mkubwa unayezungumza naye ana haki ya milioni 14 tu katika hizo 80, na zilizobaki ni za watu ambao hujawaona hata sura. Mmoja anaweza kuwa Mombasa na mwingine Maskati, na atakaporudi likizo akakukuta umekaa barazani kwa baba yake, ndipo utakapoijua bei halisi ya nyumba hiyo.

Basi mtake muuzaji alete uthibitisho wa mirathi unaowataja warithi wote kwa majina pamoja na mafungu yao, kisha kila mrithi aliyetimia umri asaini yeye mwenyewe au kwa hati ya uwakala iliyothibitishwa. Kama mrithi mmoja amefariki baada ya baba yake, fungu lake limeshakwenda kwa warithi wake yeye, na hao nao lazima wasaini. Kama yumo mtoto mdogo, usikubali kuambiwa kwamba ami yake atamsimamia. Mali ya yatima ina utaratibu wake, na hapo utahitaji Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana pamoja na mahakama. Hapo hapo uliza pia kama eneo, au hata sehemu yake, si wakfu. Kule kwetu si ajabu kukuta kisima au kipande cha minazi kiliwekewa msikiti na bibi wa zamani, na vijana wa leo hawana habari.

Tena kuna shufaa. Mmoja wa warithi akiuza fungu lake kwa mtu wa nje kabla ya mali kugawiwa, mshirika wake ana haki ya kulichukua yeye kwa bei ile ile. Ndiyo maana nasisitiza wasaini wote kwa pamoja, asibaki hata mmoja wa kuja kusema kwamba hakupewa nafasi.

Usisahau kuuliza asili ya ardhi. Kama ni sehemu ya eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi, aliyepewa hakuruhusiwa kuziuza, na wewe hutaweza kuuhalalisha ununuzi huo kwa muhuri wa mtu yeyote. Miti nayo izungumzwe mbalimbali na nyumba. Huku Visiwani mtu anaweza kumiliki minazi au mikarafuu ambayo imesimama kwenye ardhi inayotumiwa na mwingine, na mwenye mti ana haki ya kuingia kuchuma. Hiyo mikarafuu mitatu inaweza kuwa ya shangazi yao.

Mambo hayo yakikaa sawa, uhamisho unapelekwa kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, iliyowekwa kwa sheria Namba 8 ya mwaka 1994, na ushuru wa stempu unalipwa. Wewe ni Mzanzibari, kwa hiyo mlango uko wazi kwako. Angekuwa ni mgeni kutoka nje ya nchi, njia yake ingekuwa ni ya ukodishaji kupitia uwekezaji, na hadithi ingekuwa nyingine kabisa. Fedha usizitoe nusu wala robo mpaka warithi wamekaa pamoja mbele ya wakili na sheha, na siku ya kulipa kila mmoja apokee fungu lake mkononi mwake au kwenye akaunti yake. Ukimkabidhi mmoja awagawie wenziwe, umejiingiza kwenye ugomvi wao.

---

Fundi Chokocho amejibu:

Karani ameeleza ya karatasi, mimi nitasema ya kuta na paa.

Ndugu muulizaji, umesema ni nyumba ya mawe. Muulize aliyekuwepo ilipojengwa: ni mawe kwa chokaa, au ni mawe kwa simenti, au ni matofali yaliyopigwa lipu tu ukadhani ni mawe? Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa ni mzuri sana kwa joto letu, lakini una tabia yake. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huutoa wenyewe kwa kupitia lipu ya chokaa. Akija mtu akaupiga lipu ya simenti ili ung'are kwa mnunuzi, unyevu unakosa pa kutokea, na baada ya masika mbili tatu lipu inavimba na kubanduka vipande vipande, na ukuta wenyewe ndani unakuwa kama mkate uliotiwa maji. Kwa hiyo ukiona lipu mpya ya simenti kwenye nyumba kongwe, usifurahi. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Panapolia kitupu, lipu imeshaachana na ukuta.

Kama kuna zege, yaani linta juu ya milango na madirisha au slabu ya baraza, itazame kwa chini. Kwenye visiwa vidogo watu wamejengea mchanga wa pwani kwa sababu ndio uliopo, na mchanga wa ng'ambo unahitaji kibali, lori na boti. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi hiyo pamoja na upepo wa bahari huila nondo. Nondo ikishika kutu hutanuka, na ikitanuka hulipasua zege kutoka ndani. Alama yake ni ufa mrefu unaofuata nondo ilikolala, wenye rangi ya kahawia pembeni. Chukua msumari mkubwa, uchokoe hapo taratibu. Ukidondosha magamba ya kutu na zege kwa pamoja, ujue linta hiyo ni ya kubomolewa, si ya kuzibwa. Hilo nimelikuta hata kwenye nyumba ambazo kuta zake ni imara kabisa, na mwenye nyumba hajui kwa sababu amepiga rangi.

Paa hukulieleza. Kama ni makuti, uliza yaliezekwa lini na nani huko kisiwani bado anashona makuti ya kuezekea, kwani siku hizi kazi hiyo wameiacha wengi. Kama ni bati, panda juu mwenyewe au mpandishe kijana unayemwamini. Hewa ya chumvi hulianza bati kwenye matundu ya misumari na kwenye maungio, na upande unaoelekea bahari ndio unaoharibika mwanzo. Ukija kubadilisha, chukua geji 28, si geji 30, maana namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Boriti za ndani zikiwa za mikoko zinadumu sana endapo mchwa hawajaingia, ila mpya huwezi kujikatia tu, kwa sababu mikoko inalindwa na ukataji wake unataka kibali cha misitu.

Bati zuri lina faida nyingine inayosahaulika, nayo ni maji ya mvua. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye paa la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya vyumba vinne inaweza kuwa na paa la mita za mraba 100, kwa hiyo mvua moja ya masika ya milimita 20 ni lita 2,000, toa kidogo zinazopotea. Tia michirizi na tangi la lita 5,000, mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la bati, halafu kusanya. Kisiwani hiyo ni akiba ya kweli.

La mwisho upande wangu ni gharama ya ukarabati. Usifanye hesabu ya Mkoani mjini. Mfuko mmoja wa simenti una kilo 50. Unapakuliwa kwenye gari, unapakiwa botini, unashushwa pwani, na kutoka hapo unabebwa begani mpaka kwako. Kila mkono unaougusa unalipwa. Maji yakiwa yamekupwa, boti haifiki karibu na wachukuzi wanapita kwenye tope, basi ujira unapanda na mfuko mmoja mmoja unaloa. Hiyo ndiyo sababu moja ya bei uliyoiona kuwa ndogo, na si siri ya kutisha.

---

Mwana wa Kisiwani amejibu:

Kaka, nimeolewa kwenye kisiwa cha upande huo huo na nimelea watoto huko, kwa hiyo nakujibu swali lako la pili kwa ukamilifu, hasa kwa ajili ya mke wako. Kwa maisha ya kisiwani mwanamke ndiye anayekaa na kisima, jiko na majirani kutwa nzima.

Umevuka asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri, kwa hiyo umekiona kisiwa kwenye saa moja tu ya maji. Sisi hatuishi kwa saa ya ukutani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Kujaa na kupwa kwetu kunaweza kupishana kwa mita nne hivi kwenda juu, ndiyo maana pwani uliyoiona imejaa maji unaweza kuikuta ni uwanja wa tope na mizizi ya mikoko mpaka mbali. Siku za maji mafu mambo ni mapole zaidi. Kila siku maji huchelewa takriban dakika khamsini, kwa hivyo mtu mwenye miadi ya hospitali au anayekwenda benki hupanga kwa kutazama mwezi kwanza. Utaizoea, lakini wageni wako kutoka Dar es Salaam hawataizoea, na watakupigia simu kutoka gatini Mkoani wakiuliza kwa nini hakuna boti.

Kuhusu kisima. Maji matamu ya kisiwa kidogo yanatokana na mvua iliyozama ardhini na kukaa juu ya maji ya chumvi, kwa sababu matamu ni mepesi. Tabaka hilo ni jembamba. Ukichota kwa ndoo linatosha, ukitia pampu ukavuta kwa nguvu, chumvi inapanda, na ikishapanda inachukua muda kushuka. Kwa hiyo yaonje maji ya kisima hicho mwishoni mwa kaskazi, Februari au Machi kabla masika hayajaingia, tena siku ya bamvua. Yakiwa mazuri wakati huo, yatakuwa mazuri mwaka mzima. Ukiyaonja mwezi wa Mei hujapima kitu. Tazama pia sufuria za jirani na majani ya migomba ya hapo kisimani. Mgomba unaokauka ncha za majani hali ardhi ina unyevu unakueleza habari ya chumvi. Na usione haya kuuliza bahari imesogea kiasi gani. Kisiwa Panza na baadhi ya maeneo ya Micheweni maji ya chumvi yameingia mashambani kiasi cha mpunga kushindikana, na wazee wanaonesha kwa kidole pwani ya ujana wao ilipokuwa. Nyumba yenye "masafa mafupi kutoka pwani" inataka swali hilo.

Umeme ukiwapo ni neema kubwa. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea majenereta. Hata hivyo weka taa ya sola, kwani dhoruba ikipiga, kisiwa kidogo ndicho cha mwisho kufikiwa na mafundi.

Matibabu: kwa homa na chanjo kuna kituo cha afya kwenye visiwa vyenye watu wengi, na kwa makubwa kuna Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, ambayo tangu ilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2016 imetupunguzia sana safari za Unguja. Tatizo ni usiku. Mtu akizidiwa saa nane za usiku na maji yamekupwa, anabebwa kwa machela mpaka maji yanapoanzia, vijana wanaamshwa, boti inasukumwa. Watu watakuja, hilo sina shaka nalo, na hawatakudai chochote. Lakini kama wewe au mke wako mna maradhi ya moyo au sukari isiyotulia, fikirieni vizuri.

Vijana hao hao watakuja kwa sababu na wewe utakuwa umekwenda kwao. Kisiwani hakuna mtu wa pembeni. Kukiwa na maiti, kila mwanamume anafika makaburini na kila mwanamke anafika kwenye nyumba ya msiba na chochote alichonacho, mchele au sukari. Kwenye arusi ni hivyo hivyo. Ukijifungia ndani kwa kisingizio cha kustaafu, watakuheshimu, watakuitikia salamu, lakini utabaki mgeni mpaka uzikwe. Ukihamia, siku ya mwanzo mwende kwa sheha mkajitambulishe, halafu kwa imamu, halafu kwa jirani mkubwa wa kila upande. Mke wako ana jamaa Mkoani. Watu wataitafuta nasaba yake kabla ya jioni, na hilo litakufungulia milango mingi kuliko fedha zako.

Chakula kitakushangaza. Utafikiri kisiwa cha wavuvi kina samaki kila saa, kumbe samaki wakubwa wanapelekwa moja kwa moja mnadani Mkoani kwa sababu ndiko kwenye fedha. Anayetaka kitoweo kizuri lazima awe pwani boti zinapotua, au awe na mvuvi wake anayemwekea. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, tunakula dagaa, pweza na chaza wanaookotwa maji yakikupwa, na muhogo. Mboga chache zinalimwa, nyingi zinatoka ng'ambo.

Mke wako kama atapenda shughuli, mwani upo. Kinamama wa huku wanalima tangu mwisho wa miaka ya 1980, wanafunga mbegu kwa tai-tai, vijikamba vyembamba vya plastiki, kwenye kamba na kushuka nazo pwani siku za bamvua. Bei si ya kutegemea, na mgongo unauma, lakini ndipo penye mazungumzo yote ya kisiwa. Asiyeshuka pwani anapata habari siku ya pili.

---

Mtoto wa Wete amejibu:

Nimesoma majibu yote na nayaheshimu, ila mimi nasema usinunue bado. Pangisha. Kisiwani hakuna utaratibu mkubwa wa kupangisha, lakini nyumba zisizo na watu zipo, kwa kuwa vijana wako Unguja na Dar es Salaam, na mwenye nyumba atafurahi kupata mtu wa kufagia na kuwasha taa. Kaeni kusi nzima, kuanzia masika yanapoisha hadi Septemba, kwa sababu anayeweza kustahimili kusi anaweza kustahimili kila kitu. Ikiwa nyumba hiyo ni ya kwenu itawasubiri. Soko la nyumba za visiwani si la kukimbiliana, na huyo dalali anayesema kuna mnunuzi mwingine mlangoni amwambie mnunuzi huyo alipe.

Tena jambo dogo: kuuza kule kwetu ni tendo zito. Nyumba iliyoko kwenye kiambo cha familia ina makaburi ya wazee jirani, na watoto wa ndugu watapita uwani kwako kama walivyopita miaka yote. Uliza kwa nini wanauza. Kama ni deni, kama ni ugonjwa, kama ni ugomvi, kila jibu lina uzito wake.

---

Mstaafu Mtarajiwa amejibu:

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe kheri. Nimewasomea wenzangu nyumbani majibu yenu na mke wangu amecheka sana kwa habari ya mwani, ila habari ya machela usiku imemnyamazisha.

Nimefuatilia mambo mawili tangu niandike. La kwanza, nimezungumza na muuzaji kwa simu na nikamuuliza kuhusu warithi. Amekiri kwamba wako sita pamoja na mama yao aliye hai, na kwamba dada mmoja yuko Mombasa na hajaambiwa. Anasema "yeye hana neno". Nimemjibu kwamba kama hana neno basi hatapata tabu kulisema mbele ya wakili, na tangu hapo dalali amepunguza kupiga simu. La pili, nimegundua kwamba mwembe uliotajwa kwenye tangazo hauko ndani ya ua, uko nyuma ya banda la kupikia, na jirani anasema ulipandwa na babu yake. Mikarafuu bado sijaambiwa ya nani.

Ushauri wa kupangisha kwanza tumeupokea na huenda ndio tutakaoufuata, kwani shemeji ameahidi kutuulizia nyumba ya karibu na hiyo hiyo. Lakini ikiwa huyo dada wa Mombasa atakubali na warithi wote wakafika, napenda kujua mkataba uandikwe vipi kuhusu miti, ili nisije nikagombana na jirani kwa ajili ya maembe.

---

Karani wa Zamani amejibu:

Mwembe wa jirani mwachie, na andikeni kwenye mkataba kwamba haumo. Kwa iliyobaki, msiandike "pamoja na miti iliyomo", kwa sababu sentensi hiyo ndiyo inayozaa kesi. Tembeeni eneo zima siku moja, wewe, warithi, sheha na majirani, mkihesabu mti kwa mti, kisha mkataba utaje kila mti kwa aina na mahali ulipo: minazi mitano upande wa kibla baina ya nyumba na njia ya pwani, minne nyuma ya choo cha nje, na kuendelea hivyo. Mwenye mti asiyekuwa mrithi atajwe, na haki yake ya kuingia kuchuma ielezwe, ni kwa kupita wapi na kwa taarifa gani.

Kuhusu mikarafuu, ielezwe pia mavuno ya msimu huu ni ya nani. Kama mtasaini mwezi wa Julai na karafuu zimeshaanza kubeba, warithi watakuja kuchuma wakidhani ni zao, na wewe utawazuia ukidhani ni zako, nanyi nyote mtakuwa na hoja. Mti wenyewe usiukate hata ukikuzibia upepo, maana kukata mkarafuu bila ya kibali ni kosa.

Na huyo dada wa Mombasa, mtafute wewe mwenyewe kupitia kwa jamaa wa mkeo. Usisubiri kaka yake amtafute.